Mafaili ya Vifaa Mwanzoni mwa Kuwaka kwa Mifumo Iliyopachikwa: Maelezo na Istilahi

1. Utangulizi

Mtu anapowasha mtambo mdogo wenye kompyuta ndani yake, kwa mfano kidhibiti cha paneli za jua, kipima-maji au kisambazaji cha intaneti, hatarajii kuona kiwambo wala kibodi. Anatarajia kazi ianze, basi. Kazi isipoanza, mtambo haumwelezi kisa chake: taa inawaka, umeme unapita, lakini hakuna neno. Fundi atakagua waya, atabadilisha kadi ya kumbukumbu, pengine atautupa mtambo mzima. Kumbe mara nyingine ubovu hauko katika waya wala katika kadi. Limekosekana faili moja tu, tena faili ambalo ndani yake hamna hata herufi moja.

Makala haya yana shabaha mbili. Ya kwanza ni kueleza mafaili hayo ya ajabu, yaitwayo mafaili ya vifaa, na kuonyesha kwa nini ni lazima yawepo tangu nukta za kwanza za kuwaka kwa mtambo. Ya pili ni kuonyesha kwamba jambo hilo laweza kuelezwa kwa Kiswahili sanifu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wanafunzi wetu husomea elimu ya kompyuta kwa Kifaransa, na nyaraka za mafundi huandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili hubaki lugha ya kuulizana nje ya darasa. Lakini lugha inayotumiwa kuulizana yafaa pia itumiwe kujibu.

Tutajifunga katika mfumo mmoja tu, yaani Linux, ambao kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na ambao leo hutumiwa katika mitambo mingi ya namna hii. Kwa "mfumo uliopachikwa" tunamaanisha kompyuta iliyotiwa ndani ya mtambo mwingine ili ifanye kazi maalumu, isiyo kompyuta ya mezani ya mtu kukaa mbele yake. Kwa "kiini" tunamaanisha programu ile ya msingi inayotawala kumbukumbu, vifaa na programu nyingine zote.

2. Faili la kifaa ni kitu gani?

Wazo lenyewe si la Linux. Lilitoka katika mfumo wa Unix, uliobuniwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell huko Marekani kuanzia mwaka 1969. Wabunifu hao waliamua kwamba programu isilazimike kujifunza njia mpya ya kuzungumza na kila kifaa. Kifaa kipewe jina ndani ya mti wa mafaili, kisha programu ikifungue, ikisome na kukiandikia kama inavyofanya kwa faili lolote. Kwa hiyo, katika saraka iitwayo /dev, tunakuta majina kama /dev/console, /dev/null na /dev/mmcblk0.

Hata hivyo, faili la aina hii si chombo cha kutunzia maneno. Ni mfano wa kibao kilichotundikwa mlangoni: kibao si chumba, wala hakimbebi mwenye chumba, bali kinamwelekeza mgeni kwa mwenyeji anayehusika. Kilichoandikwa juu ya kibao hicho ni mambo matatu tu.

Jambo la kwanza ni aina ya kifaa. Kuna vifaa vya herufi, ambavyo husomwa na kuandikiwa mfululizo, kama vile bandari ya mfuatano inayopeleka herufi moja baada ya nyingine. Kuna pia vifaa vya matofali, ambavyo hutunza habari katika sehemu zilizopangwa na zinazoweza kufikiwa kwa kurukaruka, kama vile kadi ya kumbukumbu. Aina ya kwanza huonyeshwa kwa herufi c, na ya pili kwa herufi b.

Jambo la pili ni tarakimu kuu. Hiyo humwambia kiini ni kiendeshi kipi kinachohusika, yaani ni sehemu ipi ya kiini inayojua kuzungumza na kifaa cha namna hiyo.

Jambo la tatu ni tarakimu ndogo. Kiendeshi kimoja chaweza kutawala vifaa vingi. Tarakimu ndogo humwonyesha ni kipi kati ya hivyo.

Tuchukue mifano. Faili /dev/null ni la herufi, lenye tarakimu 1 na 3. Faili /dev/console ni la herufi, lenye 5 na 1. Bandari ya kwanza ya mfuatano, /dev/ttyS0, ni la herufi, lenye 4 na 64. Kadi ya kwanza ya kumbukumbu, /dev/mmcblk0, ni la matofali, lenye 179 na 0. Sehemu yake ya pili, /dev/mmcblk0p2, ina 179 na 2. Kiini hakijali jina. Mtu akiunda faili liitwalo /dev/embe na kulipa c, 1 na 3, faili hilo litameza maneno yote linayoandikiwa sawasawa na /dev/null. Jina ni la binadamu na programu zake. Tarakimu ni za kiini.

Zamani tarakimu hizo mbili zilikaa pamoja katika nafasi ya biti 16, nane kwa kila moja, hivyo kila upande ulikuwa na thamani 256 tu. Toleo la 2.6 la kiini, lililotoka Desemba 2003, lilipanua nafasi hiyo hadi biti 32: biti 12 kwa tarakimu kuu na biti 20 kwa tarakimu ndogo.

3. Ufunguo uliofungiwa sandukuni

Sasa tufuate safari ya mtambo tangu unapopata umeme. Kwanza hufanya kazi programu fupi iliyochongwa ndani ya chipu yenyewe. Hiyo humwita mpakiaji, yaani programu ambayo kazi yake ni kukileta kiini katika kumbukumbu ya muda. Katika mitambo mingi mpakiaji huyo ni U-Boot. Mpakiaji hukikabidhi kiini utawala pamoja na mstari mmoja wa maagizo, kwa mfano:

console=ttyS0,115200 root=/dev/mmcblk0p2 rootwait

Kiini huamsha viendeshi vyake, huambatisha mfumo wa mafaili wa mzizi, kisha huanzisha programu ya kwanza ya mtumiaji, iitwayo init. Kutoka hapo init huzaa programu nyingine zote.

Msomaji makini ataona fumbo. Mstari wa maagizo unataja /dev/mmcblk0p2. Lakini saraka /dev imo ndani ya mfumo wa mafaili wa mzizi, na mfumo huo umo ndani ya kadi ileile ambayo tunataka kuifungua. Je, ufunguo wa sanduku umefungiwa ndani ya sanduku?

Jibu ni kwamba katika hatua hii kiini hakitafuti faili lolote. Maneno /dev/mmcblk0p2 yaliyomo katika mstari wa maagizo yanafanana na jina la faili, lakini kiini huyalinganisha na orodha yake ya ndani ya vifaa ilivyovigundua, na kutoka hapo hupata jozi ya tarakimu 179 na 2. Neno rootwait linakiagiza kingoje mpaka kadi ionekane, kwa kuwa ugunduzi wa kadi waweza kuchelewa kuliko hatua nyingine. Kwa hiyo kiini chaweza kuufikia mzizi bila saraka /dev kuwepo. Kikishindwa, husimama na kutangaza kwamba hakikuweza kuuambatisha mzizi, na katika tangazo hilo hutaja jozi ya tarakimu iliyojaribiwa. Fundi asiidharau jozi hiyo: akiona sufuri mbili, yaani (0,0), ajue kwamba kiini hakikulitambua kabisa jina alilopewa, akiona (179,2), ajue kwamba jina lilieleweka na shida iko mbele zaidi.

Ruhusa hiyo ya kuishi bila /dev ni ya kiini peke yake. Programu za watumiaji hazina orodha ya ndani. Zenyewe hutegemea majina yaliyomo katika mti wa mafaili. Ndiyo kusema kwamba mpaka kati ya kiini na programu ya kwanza ndipo mahali ambapo mafaili ya vifaa huanza kuwa ya lazima.

4. Mafaili mawili ya lazima

4.1. Konsoli

Kabla ya kuanzisha init, kiini hufungua /dev/console na kuirudufu mara mbili, ili programu hiyo ya kwanza izaliwe ikiwa na njia tatu zilizo wazi: njia namba 0 ya kusomea, njia namba 1 ya kuandikia matokeo, na njia namba 2 ya kuandikia makosa. Watoto wote wa init hurithi njia hizo. Hii ndiyo sababu programu ya kawaida huweza kuandika ujumbe bila kuuliza ujumbe huo unakwenda wapi.

Ikiwa /dev/console haipo, kiini hutoa onyo moja tu kwamba hakikuweza kufungua konsoli ya mwanzo, kisha huendelea. Hakisimami. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu init huzaliwa bila sikio wala ulimi, na kila mtoto wake vilevile.

Kimya chenyewe si ubaya mkubwa kuliko wote. Kanuni ya mifumo ya ukoo wa Unix ni kwamba faili linapofunguliwa hupewa namba ndogo kabisa iliyo huru. Ikiwa njia 0, 1 na 2 hazikufunguliwa, basi mafaili matatu ya kwanza yatakayofunguliwa na programu yatapewa namba hizo. Tuseme programu ya kupima maji inafungua faili la mipangilio, likapata namba 0; inafungua bandari ya kipimo, ikapata namba 1; kisha inafungua daftari la vipimo, likapata namba 2. Kuanzia hapo, kila ujumbe wa makosa ambao programu hiyo au maktaba zake zitaandika katika njia namba 2 utaingia katikati ya daftari la vipimo, na kila neno la njia namba 1 litatumwa kwenye kipimo chenyewe kana kwamba ni amri. Mtambo unaonekana unafanya kazi. Hesabu zake zimekwisha kuharibika. Kosa la namna hii laweza kukaa miezi mingi bila kugunduliwa, kwa maana hakuna anayelishuku faili lisilo na kitu ndani yake.

4.2. Shimo lisilojaa

Faili la pili ni /dev/null, ambalo humeza chochote kinachoandikwa ndani yake na kurudisha utupu kwa anayelisoma. Hati za amri zinazoendeshwa wakati wa kuwaka hulitumia mara kwa mara ili kunyamazisha maneno yasiyotakiwa.

Je, likikosekana? Hati ya amri inayoagiza matokeo yapelekwe /dev/null haitakataa. Kwa kuwa inaendeshwa na mtumiaji mkuu, ambaye ana haki ya kuunda faili popote, itaunda faili la kawaida lenye jina hilo na kuanza kulijaza. Ikiwa mzizi umo katika kumbukumbu ya muda, faili hilo litakula kumbukumbu kidogo kidogo hadi programu zikose nafasi. Ikiwa umo katika kadi, litaichosha kadi kwa maandishi yasiyo na maana. Tena programu itakayolisoma ikitarajia utupu itapata takataka za wengine. Fundi akitazama saraka ataona jina /dev/null lipo, naye ataridhika. Inambidi atazame herufi ya kwanza ya mstari: ikiwa ni c, kibao ni cha kweli, ikiwa ni kistari, amedanganywa na jina.

5. Nani anaunda mafaili haya?

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa: mtu, kabla ya mtambo kuwaka. Njia hii twaweza kuiita njia tuli. Mjenzi wa mfumo aliunda kila faili kwa amri mknod, au kwa hati iitwayo MAKEDEV iliyounda mamia kwa mara moja:

mknod -m 600 dev/console c 5 1
mknod -m 666 dev/null c 1 3

Njia hii ni nyepesi, haihitaji programu yoyote wakati wa kuwaka, na kwa mtambo ambao vifaa vyake havibadiliki ni njia ya heshima. Kasoro yake iko katika tarakimu. Baadhi ya tarakimu kuu zimetengwa rasmi na hazibadiliki, kama zile tulizozitaja. Lakini viendeshi vingi vya siku hizi, pamoja na vile vya saa ya mtambo na vya pini za kuingizia na kutolea ishara, huomba tarakimu kuu wakati wa kuamka, na kiini huwagawia iliyo huru, kikianzia 254 na kushuka. Mjenzi akiongeza kiendeshi kimoja tu, mgao waweza kusogea. Jana 254 ilikuwa saa, leo ni pini. Kibao kilichotundikwa jana sasa kinampeleka mgeni kwa mwenyeji mwingine, na programu iliyodhani inasoma saa inakuta inagusa pini inayofungua bomba. Mgao wa siku hiyo husomwa katika /proc/devices, nao haufai kukaririwa.

Jaribio la kwanza la kuondoa kasoro hiyo ndani ya kiini lilikuwa devfs, kazi ya Richard Gooch, iliyoingizwa mwaka 2000. Humo kiini chenyewe kiliunda mafaili kila kiendeshi kilipojiandikisha. Wengi hawakuridhika: walisema kwamba kuchagua majina si kazi ya kiini, na mfumo huo ulikuwa na kasoro za ndani zisizorekebishika kwa urahisi. Uliondolewa kabisa mwaka 2006.

Mwaka 2003 ilitokea udev, iliyoanzishwa na Greg Kroah-Hartman. Hii ni programu ya mtumiaji, haimo ndani ya kiini. Kiini hutangaza habari za kila kifaa katika mti uitwao /sys, pamoja na tarakimu zake. Udev ya awali ilisoma habari hizo, ikafuata kanuni zilizoandikwa na msimamizi, kisha ikaunda faili lenye jina, mwenyewe na ruhusa zinazofaa. Kwa mitambo midogo, mkusanyiko wa BusyBox una ndugu mdogo wa udev aitwaye mdev: amri mdev -s hupita katika /sys mara moja na kuunda mafaili yote yanayohitajika.

Lakini fumbo la sanduku lilirudi kwa mlango wa nyuma. Ikiwa udev ni programu, nani atakayeiundia mafaili inayoyahitaji ili ianze? Jibu lililokubaliwa lilikuja katika toleo la 2.6.32, Desemba 2009: devtmpfs. Huu ni mfumo wa mafaili unaokaa katika kumbukumbu ya muda, ambamo kiini huweka faili la kila kifaa kilichogunduliwa, kwa jina lake la asili na tarakimu zake za kweli. Mafaili hayo huwa ya mtumiaji mkuu, na kwa kawaida yeye peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kuyasoma na kuyaandika, isipokuwa machache kama /dev/null ambayo kiendeshi chake kimeagiza yawe wazi kwa wote. Kiini hutoa jina na tarakimu. Udev au mdev, ikiwepo, huongeza ruhusa na majina ya ziada. Ugomvi wa zamani ulimalizwa kwa kugawana kazi.

6. Mtego wa mzizi wa kwanza

Mjenzi akisikia habari za devtmpfs huweza kudhani kwamba shida imekwisha. Haijaisha, na sababu yake yafaa ielezwe taratibu.

Kuna agizo la kujengea kiini linalokiambia kiambatishe devtmpfs chenyewe juu ya /dev. Agizo hilo hutekelezwa baada ya kiini kuambatisha mzizi wa kudumu, kama ule wa kadi. Lakini mitambo mingi huanza na mzizi wa muda uitwao initramfs, ambao ni furushi la mafaili linalofunguliwa katika kumbukumbu. Ikiwa furushi hilo lina programu yake ya kuanzia, kiini huipa hatamu moja kwa moja, wala hakifiki kwenye hatua ile ya kuambatisha. Agizo limeandikwa, lakini halikutekelezwa.

Kwa hiyo mjenzi anayetumia furushi anabanwa na masharti mawili. Sharti la kwanza: furushi liwe na /dev/console tangu awali, kwa sababu kiini huifungua kabla hati yoyote haijaendeshwa. Ni kweli kwamba kiini kikijengwa bila furushi la mjenzi hujitilia furushi dogo lake chenyewe, lenye saraka /dev na faili /dev/console. Lakini mjenzi akikipa saraka yake ili igeuzwe kuwa furushi la ndani, lile dogo haliwekwi tena, na wajibu unamhamia yeye. Sharti la pili: hati ya kuanzia iambatishe devtmpfs yenyewe, kabla ya kazi nyingine yoyote:

mount -t devtmpfs devtmpfs /dev
mount -t proc proc /proc
mount -t sysfs sysfs /sys

Wengine huongeza mstari wa tahadhari baada ya hapo, ili njia tatu zifunguliwe upya hata kama hazikuwepo:

exec </dev/console >/dev/console 2>&1

Mwishoni, wakati wa kuhamia mzizi wa kudumu, saraka /dev iliyokwisha kuambatishwa huhamishwa pamoja na mwenye nyumba, kwa amri mount --move. Ikumbukwe kwamba mzizi wa kudumu uwe na saraka /dev iliyo tupu ya kuipokea. Ikiwa mzizi huo ni wa kusomwa tu, hakuna atakayeweza kuiunda saraka hiyo baadaye.

7. Kuandaa bila kuwa mtumiaji mkuu

Imebaki shida ya karakana. Amri mknod hukubaliwa kwa mtumiaji mkuu tu, na ni vema iwe hivyo, kwa sababu anayeweza kuunda faili la kifaa aweza kujitundikia kibao cha kufikia kumbukumbu yote ya mtambo. Lakini mwanafunzi anayejenga mfumo katika kompyuta ya chuo hana haki hiyo, wala si busara kumpa. Matokeo yake ni kwamba saraka anayoiandaa haina /dev/console, naye hatambui mpaka mtambo uwe bubu.

Dawa ni kutounda faili, bali kuandika maelezo ya faili. Kiini huja na chombo kidogo kinachosoma orodha ya maandishi na kutengeneza furushi lenye mafaili ya vifaa bila kuyaunda kwenye diski ya mjenzi:

dir /dev 755 0 0
nod /dev/console 600 0 0 c 5 1
nod /dev/null 666 0 0 c 1 3

Mstari wa pili husomeka hivi: faili la kifaa, jina lake, ruhusa 600, mtumiaji 0, kikundi 0, aina ya herufi, tarakimu kuu 5, tarakimu ndogo 1. Mradi wa Buildroot hutumia jedwali la namna hiyohiyo kwa ajili ya mfumo mzima. Njia nyingine ni programu ya fakeroot, ambayo huidanganya amri mknod kwamba imefaulu, ikakumbuka tarakimu, na kuzitoa wakati wa kufunga furushi.

Orodha ya maandishi ina faida nyingine. Hazina za programu kama Git hazitunzi mafaili ya vifaa, wala mfumo wa mafaili wa FAT hauyajui. Aliyenakili kazi yake katika kadi ya FAT ili aipeleke nyumbani atakuta mafaili hayo yamepotea njiani. Maandishi hayapotei: husomeka, husahihishwa, na mwalimu aweza kuyapitia kwa macho.

Kuhusu ruhusa, tusiwe wakarimu kupita kiasi. Ruhusa 666 inafaa kwa /dev/null kwa kuwa shimo lisilojaa halina siri. Kuipa /dev/mem ruhusa hiyo ni kuwaachia wapita njia ufunguo wa nyumba.

8. Juu ya istilahi

Msomaji ameona kwamba tumetumia maneno yaliyokwisha kuwepo na kuyapa kazi mpya. Tueleze sababu za machache.

"Kiini" kinafaa kwa sababu Mswahili anajua kiini cha yai na kiini cha jambo: sehemu ya ndani ambayo bila hiyo kingine hakina maana. "Kiendeshi" kimeundwa kwa utaratibu wa kawaida wa ngeli ya ki-vi kutokana na kitenzi endesha. "Kifaa cha matofali" tumekichagua kwa kuwa tofali ni kipande chenye kipimo kimoja, kilichopangwa na wenzake, na mjenzi aweza kulitaja la tatu au la mia. Neno "kipande" peke yake halina maana ya usawa wa kipimo. "Kuambatisha" tumeliweka mahali pa kuunganisha mfumo wa mafaili na mti, ili "kupachika" libaki la mifumo iliyopachikwa na maneno hayo yasigongane. "Konsoli" tumeliacha kama mkopo, kwa kuwa halina mpinzani na matamshi yake hayamshindi mtu.

"Tarakimu kuu" na "tarakimu ndogo" zina kasoro: kuu hapa si kubwa, maana 5 si kubwa kuliko 64. Mtu angeweza kusema "namba ya kiendeshi" na "namba ya kifaa", na angekuwa wazi zaidi. Tumebaki na istilahi ya kwanza kwa kuwa inalingana na mapokeo ya mafundi, lakini hatuoni ubaya mwalimu akianza na ya pili darasani. Istilahi hukomazwa na matumizi; haikomazwi na kamati peke yake.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba faili la kifaa ni kibao chenye aina na tarakimu mbili. Kwamba kiini chaweza kuufikia mzizi bila vibao hivyo, lakini programu za watumiaji haziwezi. Kwamba /dev/console na /dev/null zikikosekana mtambo hausimami, bali huendelea kwa kukosea. Na kwamba devtmpfs imerahisisha mengi bila kumwondolea mjenzi wajibu wa nukta ya kwanza. Kwa mtambo unaotumia furushi la kuanzia, ushauri wetu ni mfupi: andika mafaili mawili katika orodha, ambatisha devtmpfs katika mstari wa kwanza wa hati, mwachie mdev au udev ruhusa na majina ya ziada, wala usiandike kwa mkono tarakimu ambayo kiini huigawa upya.

Mtambo uliowekwa mbali na fundi, juu ya mnara au kando ya kisima, huzimika kila umeme unapokatika na huamka peke yake kila unaporudi. Hakuna wa kuusaidia katika nukta hizo za kwanza. Yote ambayo utayahitaji hapo ni lazima yawe yameandaliwa na mtu ambaye hayupo, na mtu huyo ni mwanafunzi wetu wa leo. Akiyaelewa kwa lugha anayoifikiria, tunaamini atayaandaa vema zaidi.